Sonatubes: Siku ambayo habari haikufika kwa wakati

Na Mwandishi Wetu, Kigali

Kila anayefanya biashara ya kuvuka mipaka na Kigali amepita Sonatubes, hata kama hajui jina lake. Dereva anayetoka Rusumo na shehena ya Dar es Salaam anapajua. Mama anayeshuka na mizigo yake kutoka Bugesera, upande wa mpaka wa Burundi, anapajua. Wakala wa forodha aliyezoea maghala ya Magerwa pale Gikondo hupita hapo mara mbili kwa siku. Ni makutano makubwa ya barabara katika wilaya ya Kicukiro, yaliyopewa jina la kiwanda cha mabomba kilichokuwa jirani.

Barabara moja inakwenda Remera na uwanja wa ndege wa Kanombe. Nyingine inateremka Rwandex na Gikondo hadi katikati ya mji. Ya tatu inapanda Kicukiro, inapita kilima cha Nyanza na kuendelea Bugesera hadi mpaka wa Nemba. Jioni pikipiki za abiria hujaa hapo kama nyuki, taa zikibadilika zote huondoka kwa pamoja, na polisi wa barabarani hana muda wa kupumua.

Aprili 11, 1994, hapa ndipo watu zaidi ya 2,000 waliposimamishwa. Walikuwa wakitembea kwa miguu kuelekea uwanja wa michezo wa Amahoro, ambako Umoja wa Mataifa ulikuwa na makao yake. Hawakufika. Waligeuzwa, wakapelekwa kilima cha Nyanza, na huko wengi wao waliuawa siku hiyo hiyo.

Siku hiyo mji huu ulikuwa na waandishi wa habari kutoka nchi za nje. Hawakuwa wengi, lakini walikuwepo. Walichokiona, walichokikosa, na njia waliyotumia kukisafirisha hadi kwa wasikilizaji ni kisa ambacho mfanyabiashara wa mpakani anaweza kukielewa kuliko mtu mwingine yeyote. Bila habari sahihi ya njia, hata yeye hafiki.

Siku tano kabla

Jioni ya Aprili 6, 1994, ndege iliyombeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ikikaribia kutua Kanombe. Marais hao walikuwa wakirudi kutoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi wa kanda hii kuhusu amani. Hakuna aliyenusurika ndani ya ndege hiyo.

Usiku huo huo vizuizi vikawekwa barabarani, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Kesho yake Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa. Wanajeshi 10 wa Ubelgiji waliokuwa katika kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR, nao waliuawa. Vita kati ya jeshi la serikali na RPF, vilivyoanza Oktoba 1990 na kutulizwa na Mkataba wa Arusha wa Agosti 1993, vikawaka upya.

Lindsey Hilsum, mwandishi Mwingereza aliyekuwa akiishi Nairobi, alikuwa Kigali kwa mkataba wa muda mfupi na UNICEF. Hakuja kuripoti vita. Lakini moto ulipowaka akajikuta mwandishi pekee wa kigeni wa lugha ya Kiingereza ndani ya mji. Simu ya nyumbani ilikuwa bado inafanya kazi, na kwa simu hiyo alianza kutuma taarifa kwa BBC na magazeti ya London.

Simu hiyo hiyo ilileta sauti nyingine. Watu aliowajua walimpigia wakiomba msaada ambao hakuwa na uwezo wa kuutoa. Miaka michache baadaye alikwenda Arusha kutoa ushahidi katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, ambayo hukumu yake ya Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Mark Doyle wa BBC, naye akifanya kazi kutoka Nairobi, aliingia Kigali katika siku hizo za mwanzo. Nick Hughes, mpiga picha za televisheni Mwingereza aliyeishi Nairobi, pia alifika. Jean-Philippe Ceppi, Mswisi, aliliandikia gazeti la Libération la Paris. Wengine walikuja na ndege za kijeshi za Ufaransa zilizotumwa kuondoa raia wa kigeni katika operesheni iliyoitwa Amaryllis.

Siku moja, habari tatu

Wakazi wa Kicukiro waliokuwa wakiwindwa walikimbilia shule ya ufundi ya ETO, iliyoendeshwa na mapadri wa shirika la Don Bosco. Palikuwa na askari wa Ubelgiji wapatao 90 wenye kofia za buluu. Watu waliamini kwamba penye bendera ya Umoja wa Mataifa hapauawi mtu. Wanamgambo wa Interahamwe walikuwa nje ya uzio wakisubiri, na pombe mkononi.

Mchana wa Aprili 11 askari hao waliamriwa kuondoka. Wazungu walikuwa wamekwisha kuchukuliwa. Magari ya Umoja wa Mataifa yalipotoka getini, baadhi ya watu walijilaza mbele yake. Yakapita.

Waliobaki wakaamua kutembea hadi Amahoro. Kwa mtu anayekijua Kicukiro, hiyo si safari ndefu: unatoka ETO, unafika Sonatubes, unashika barabara ya Remera. Pale Sonatubes wanajeshi na Interahamwe wakawazuia. Wakageuzwa na kupandishwa barabara ile ile ya Kicukiro hadi Nyanza, karibu na mahali palipotumika kutupia takataka. Huko walishambuliwa kwa risasi, maguruneti na mapanga. Wachache waliobaki hai chini ya maiti waliokolewa na wapiganaji wa RPF.

Siku hiyo hiyo, ng'ambo ya bonde, Nick Hughes alikuwa juu ya jengo la shule ya Kifaransa. Chini yake upande wa Gikondo aliona kitu barabarani. Kwa lenzi ya mbali akarekodi watu waliopiga magoti katikati ya barabara wakiomba wasiuawe, na wauaji waliokuwa wakienda na kurudi bila haraka, kama watu walio kazini. Kisha wakawaua. Ni moja ya picha chache sana za mauaji yenyewe ya 1994 zilizopata kurekodiwa.

Na siku hiyo hiyo, Aprili 11, gazeti la Libération lilichapisha taarifa ya Ceppi. Ndani yake lilikuwemo neno ambalo serikali kubwa zingekwepa kulitamka kwa wiki nyingi: mauaji ya kimbari.

Kwa hiyo siku moja ilikuwa na habari tatu. Neno sahihi lilichapishwa Paris. Picha ilirekodiwa Gikondo. Na Sonatubes, mwendo mfupi kutoka pale kamera ilipokuwa, kundi la watu zaidi ya 2,000 lilipita kuelekea kifo. Hiyo ya tatu, iliyokuwa kubwa kuliko zote, dunia iliisikia kwa ukamilifu miaka mingi baadaye, kutoka kwa walionusurika na mashahidi waliosimama mahakamani.

Njia za habari ni njia za bidhaa

Kufanya kazi kama mwandishi wa kigeni katika mji wa vita ni kwanza suala la mlango. Umeingilia wapi, na ni nani aliyekufungulia? Jibu la swali hilo ndilo huamua utaona nini.

Rwanda ya 1994 ilikuwa na milango minne, na kila mfanyabiashara wa leo anaijua.

Mlango wa kwanza ulikuwa kaskazini, Uganda. Waandishi waliotokea Kampala waliingia eneo la RPF, ambalo makao yake yalikuwa Mulindi, kwenye kiwanda cha chai si mbali na mpaka wa Gatuna. Wapiganaji wengi wa RPF walikuwa wamelelewa Uganda na kupigana katika jeshi lake, hivyo Kampala ilikuwa mji wa kirafiki kwao. Aidan Hartley wa shirika la Reuters, mzaliwa wa Nairobi aliyeandika baadaye kitabu kiitwacho The Zanzibar Chest, alikuwa miongoni mwa waliofuatana na wapiganaji hao. Walioingia kwa mlango huu waliona vijiji baada ya wauaji kukimbia: makanisa yaliyojaa maiti na nyumba tupu.

Mlango wa pili ulikuwa angani, kutoka Nairobi. Ndege za mizigo za Hercules zilikuwa zikiruka hadi Kanombe kwa UNAMIR, pale mapigano yaliporuhusu. Hizo ndizo zilizobeba chakula, dawa na majeruhi, na mara nyingine zilirudi na kanda za video za waandishi. Wakati ule picha haikutumwa kwa kubonyeza simu. Kanda ilipaswa kubebwa mkononi, ipite vizuizi, ifike uwanjani, ipande ndege, ifike Nairobi, ndipo irushwe kwa setilaiti. Ndege isipotua, habari ililala kama nyanya mpakani.

Mlango wa tatu ulikuwa magharibi, Goma. Huko ndiko walikopitia waandishi wengi waliokuja na jeshi la Ufaransa katika operesheni ya Turquoise, iliyoanza Juni 22. Wa nne ulikuwa mashariki, daraja la Rusumo.

Aprili 28 na 29 watu wapatao 250,000 walivuka daraja hilo kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya saa 24. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisema halijawahi kuona wimbi kama hilo. Waandishi waliofika Ngara walipata picha ya ajabu: bahari ya watu, moshi wa majiko, kambi ya Benaco ikizaliwa usiku mmoja. Lakini picha hiyo haikueleza nani alikuwa akimkimbia nani. Katika umati ule walikuwemo watoto na wazee wasio na hatia, na walikuwemo pia viongozi wa mauaji waliokwisha kunawa mikono yao. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti.

Mto huo ndio uliopeleka habari Uganda bila mwandishi. Wavuvi wa Ziwa Victoria walianza kuokoa miili kwenye nyavu zao. Katika makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo nchini Uganda wamezikwa watu zaidi ya 10,000 walioletwa na maji hayo. Watu wakaacha kula samaki. Wachuuzi wa samaki waliona biashara yao ikianguka kabla hawajasikia maelezo kamili redioni. Kwao, bei ndiyo iliyokuwa habari.

Mwandishi chini ya mwavuli wa jenerali

Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyeongoza UNAMIR, aliachwa na kikosi kidogo. Ubelgiji iliondoa askari wake wote, na Aprili 21 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza kikosi hadi watu 270. Akiwa hana risasi za kutosha wala magari, aliona silaha moja iliyobaki: mwandishi mwenye simu. Aliandika baadaye kwamba mwandishi mmoja mwenye laini ya kufika nchi za Magharibi alikuwa na thamani ya kikosi kizima cha askari.

Hivyo akamweka Mark Doyle chini ya ulinzi wa UNAMIR. Akampa mahali pa kulala, chakula, usafiri na njia ya kurusha taarifa zake. Kuna vipindi ambapo Doyle alikuwa mwandishi pekee wa kigeni aliyebaki upande huo wa Kigali.

Mpango huo ulikuwa na faida na bei yake. Faida ni kwamba dunia ilipata sauti ya kila siku kutoka ndani. Bei ni kwamba mwandishi anayekula chakula cha jenerali na kupanda gari la jenerali anaweza kuanza kuiona vita kwa macho ya jenerali. Ndivyo ilivyo katika kila vita. Anayeripoti kutoka mji wa rafiki hupata ulinzi, maelezo na usafiri, na kila kimoja cha hivyo kinakuja na upande wake.

Doyle mwenyewe, katika sura aliyoandika kwenye kitabu kilichohaririwa na Allan Thompson na kutolewa 2007, alikiri kwamba taarifa zake za mwanzo hazikuwa sahihi. Alizungumzia vurugu na machafuko, kama wengine. Ilimchukua siku kadhaa za kutembea mjini, kupita vizuizi na kuona nani alikuwa akiuawa na nani alikuwa akiua, ndipo akaanza kuwaeleza wasikilizaji kwamba Rwanda kulikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Majeshi mawili yalikuwa yakipigana vita. Kando ya vita hivyo, raia walikuwa wakiuawa kwa mpango kwa sababu ya kuzaliwa Watutsi.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Ukisema ni vita, dunia inatafuta usuluhishi. Ukisema ni machafuko ya kikabila, dunia inanyanyua mabega. Ukisema ni mauaji ya kimbari, mkataba wa 1948 unadai nchi zizuie. Ndiyo maana neno lile lilipigwa chenga katika ofisi za Washington na New York hadi Juni.

Mmoja wa watu waliomsaidia Doyle kuona alikuwa Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi asiye na silaha. Aprili 7 aliwaficha watoto wa Waziri Mkuu aliyeuawa, kisha wakapelekwa mahali salama. Baada ya hapo aliendelea kuokoa watu wawili wawili, watatu watatu, akiwapitisha kwenye vizuizi kwa maneno ya utani, sigara na ujasiri. Mei 31 kombora lilianguka karibu na gari lake kwenye kizuizi, akafa. Miaka 20 baadaye Doyle alitengeneza kipindi cha BBC juu yake, na Baraza la Usalama likaanzisha medali ya ushujaa yenye jina lake.

Msafara wa Bisesero

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi hatari ya kuripoti ukiwa na jeshi la nchi rafiki kilitokea mbali na Kigali, kwenye milima ya Bisesero, karibu na ziwa Kivu.

Ufaransa ilikuwa mshirika wa serikali ya Habyarimana. Askari wake waliorudi Juni 1994 walikuwa wameambiwa wanakwenda kusimamisha mapigano. Juni 27 msafara mdogo wa Kifaransa ulipanda Bisesero, na Patrick de Saint-Exupéry wa gazeti la Le Figaro alikuwemo. Watutsi waliokuwa wamejificha kwa wiki nyingi wakatoka vichakani, wamekonda, wengine wana majeraha mabichi. Waliomba wasiachwe. Wakaambiwa wasubiri, askari watarudi.

Askari walirudi baada ya siku tatu. Katika siku hizo tatu wauaji, waliokwisha kuona mahali walipojificha watu hao, walifanya kazi yao. Saint-Exupéry aliandika alichokiona, na ameendelea kukiandika kwa miaka mingi dhidi ya upinzani wa baadhi ya wakubwa wa nchi yake. Aliingia na msafara wa mshirika, lakini hakukubali kuandika kwa kalamu ya mshirika.

Mgeni wa RTLM

Si kila mgeni aliyeshika kipaza sauti Kigali alikuwa mwandishi. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo 1993, ilikuwa ikitaja majina ya watu wa kuuawa na kuhimiza vizuizi. Mauaji yaliitwa kazi. Mwandishi wa kigeni asiyejua Kinyarwanda angeweza kukaa karibu na redio hiyo siku nzima akadhani ni muziki na mzaha tu. Hiyo ilikuwa sababu moja ya dunia kuchelewa kuelewa: maneno yalikuwa hewani wazi, lakini wengi wa waliotumwa kuyasikiliza hawakuwa na lugha.

Miongoni mwa watangazaji wake alikuwa Georges Ruggiu, raia wa Ubelgiji, ambaye naye hakujua Kinyarwanda na alitangaza kwa Kifaransa. Baada ya vita alitoroka, akapita Zaire na Tanzania, hatimaye akaishi Mombasa. Julai 1997 alikamatwa huko, akapelekwa Arusha. Alikiri makosa, na Juni 2000 akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Desemba 2003 mahakama hiyo hiyo iliwatia hatiani wakubwa wa RTLM, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura.

Kwa upande mwingine walikuwepo waandishi wa Rwanda waliokataa kuimba wimbo huo. Vincent Rwabukwisi wa Kanguka aliuawa. André Kameya wa Rwanda Rushya aliuawa Juni. Wengine makumi waliuawa pia. Mwandishi wa kigeni aliposimamishwa kwenye kizuizi, pasi yake ya kusafiria ilikuwa kinga. Mwandishi wa Rwanda alipotoa kitambulisho chake, kilichoandikwa kabila lake, karatasi hiyo hiyo ilikuwa hukumu. Wapo Wanyarwanda waliowaendesha wageni, waliowatafsiria na waliowaonyesha njia. Majina yao hayakuandikwa chini ya habari.

Kamera zilipofika

Mwisho wa Aprili macho ya dunia yalikuwa Afrika Kusini. Uchaguzi uliomwingiza Nelson Mandela madarakani uliwavuta waandishi kwa maelfu. Ilikuwa habari njema na kubwa, na ilistahili. Lakini katika siku hizo hizo waliobaki Kigali waliweza kuhesabika kwa vidole.

RPF iliuteka uwanja wa ndege wa Kanombe Mei 22 na mji wa Kigali Julai 4. Katikati ya Julai karibu watu milioni moja walivuka kuingia Goma, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Hapo ndipo kamera zilipofika kwa mamia. Wakati huo waliokufa katika siku zile mia moja, ambao hesabu ya serikali ya Rwanda inafikia zaidi ya milioni moja, walikuwa tayari ardhini au majini. Watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani waliiona Rwanda kwa mara ya kwanza kupitia kipindupindu cha Goma, wakadhani hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kitu kimoja kizuri kilizaliwa mwaka huo. BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi, yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Mama aliyekuwa Ngara alisikia jina la mtoto wake aliyekuwa Goma likisomwa redioni. Mpaka uliowatenganisha haukuweza kulizuia wimbi la redio.

Kanda ilipofika Arusha

Ile kanda ya Nick Hughes haikuisha kazi yake kwenye televisheni. Ilipelekwa Arusha kama kielelezo katika kesi ya Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, na Hughes akaitwa kueleza alivyoirekodi. Katika kesi hiyo hiyo mashahidi walieleza jinsi watu walivyoachwa ETO, walivyozuiwa Sonatubes na walivyouawa Nyanza. Desemba 6, 1999, Rutaganda alihukumiwa kifungo cha maisha.

Hivyo habari mbili za Aprili 11 zilikutana hatimaye, ile iliyokuwa na picha na ile isiyokuwa nayo. Zilikutana katika chumba cha mahakama kwenye mji ambao wafanyabiashara wa Namanga hupita kila wiki. Ilikuwa miaka mitano na miezi minane baada ya siku yenyewe. Aprili 2000 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Guy Verhofstadt, alisimama Kigali akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake.

Hughes baadaye alirudi Rwanda na, pamoja na Mnyarwanda Eric Kabera, akatoa filamu iitwayo 100 Days mwaka 2001.

Kinachomhusu anayevuka mpaka

Mwenye duka la Kampala au Bukoba anaweza kuuliza: haya yananihusu nini leo? Jibu lipo kwenye kazi yake ya kila siku.

Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019, wapo waliosikia mapema wakageuza malori, na wapo waliosikia wakiwa wamekwisha kufika na mizigo inayooza. Ulipofunguliwa tena Januari 31, 2022, hali ilikuwa hiyo hiyo: aliyekuwa na habari sahihi alifika sokoni wa kwanza. Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, uvumi ulitangulia mbele ya tangazo.

Leo habari haingoji ndege ya Nairobi. Simu ya utingo inapiga picha, na baada ya dakika moja picha hiyo iko kwenye makundi ya wafanyabiashara kutoka Mombasa hadi Bukavu. Lakini maswali ya 1994 hayajazeeka. Aliyetuma yuko wapi, na amefikaje huko? Analindwa na nani? Anajua lugha ya watu anaowazungumzia? Picha hii ni ya leo au ya mwaka jana? Na neno analolitumia, je, linaeleza kinachotokea au linakificha? Katika kanda ambayo bado inasikia milio ya bunduki mashariki mwa Kongo, anayesambaza ujumbe bila kuuliza maswali hayo anaweza kusababisha mtu asiyemjua kusimamishwa kizuizini kwa sababu ya jina lake au sura yake.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na nchi hii imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Maana yake ni kwamba jirani anayekuja kuripoti au kuuza ana lugha ya kumuuliza mwenye nyumba moja kwa moja, badala ya kungoja maelezo yafike kutoka London au Paris. Hiyo ni nafasi ambayo wengi wa waliokuwa Kigali mwaka 1994 hawakuwa nayo.

Nyanza leo ni eneo la kumbukumbu, na watu wengi wamezikwa pale, wakiwemo walioletwa kutoka sehemu nyingine za Kicukiro. Shule ya ETO imekuwa chuo cha ufundi. Kila mwaka, Aprili 11, watu hukusanyika na kuikumbuka njia ile. Mfanyabiashara atakayekuta barabara ya Kicukiro imefungwa siku hiyo asipige honi. Azime injini, ashuke, aangalie wanaopita. Wanaelekea Nyanza, kule waliopita njia hii mwaka 1994 walikopelekwa.